Mwisho Mwema kwa Nani? Uadilifu wa Mwandishi na Kijana wa Mapenzi ya Jinsia Moja katika Fasihi ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwezi wa Aprili mwaka 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu ya Rafiki iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Filamu hiyo inasimulia habari za wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao ni mahasimu wa kisiasa, na ambao urafiki wao unageuka kuwa mapenzi. Mwezi uliofuata filamu hiyohiyo ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa katika maonyesho rasmi ya tamasha la Cannes. Bodi ilidai kwamba filamu ilikusudia kueneza usagaji. Hata hivyo, kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, jambo lililozua mgogoro mkubwa zaidi ni mwisho wa hadithi. Bodi ilitaka mwisho huo ubadilishwe, kwa kuwa haukuonyesha majuto ya kutosha.

Dai hilo linastahili kuzingatiwa na mhakiki wa fasihi kuliko marufuku yenyewe. Marufuku ni tendo la kisheria. Dai la kubadilisha mwisho ni dai la kifani, na ndani yake mna nadharia nzima ya maadili. Linakubali, bila kukusudia, kwamba hadithi ya wasichana wawili wapendanao inaweza kusimuliwa, mradi wasichana hao waishie pabaya. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali linalotokana na dai hilo: je, mwandishi anayewaandikia vijana ana wajibu wa kimaadili wa kumwadhibu mhusika ambaye jamii yake haimkubali? Na mchapishaji anayeukataa mswada kwa sababu mhusika huyo hakuadhibiwa, anamlinda nani?

Swali hili si la Nairobi peke yake. Mwalimu wa fasihi anayefunzwa Kwa Vonza, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, huenda akapangiwa kufundisha katika shule ya bweni ya Kitui au Makueni. Huko atakutana na darasa la vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane. Haelekei kukuta ndani ya kabati la vitabu la shule riwaya ya Kiswahili inayomsawiri kijana wa aina hii kama mtu. Lakini kijana mwenyewe anaweza kuwamo darasani.

Suala la jina

Ugumu wa kwanza unaomkabili mwandishi wa Kiswahili ni wa lugha. Neno "shoga", kwa matumizi ya wanawake wa pwani, ni neno la mapenzi ya kidugu: shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenziwe, anayeshirikishwa siri. Neno hilohilo, likielekezwa kwa mwanamume, ni tusi. Maneno mengine yaliyopo, kama vile "msenge", "hanithi" na "msagaji", hubeba hukumu kabla sentensi haijakamilika. Istilahi ya "mapenzi ya jinsia moja", ambayo ndiyo inayotumiwa katika makala haya, ni ya kiofisi. Inafaa katika ripoti ya mahakama au gazeti, lakini ni vigumu kuiweka katika kinywa cha msichana wa kidato cha tatu anayejisemea moyoni.

Kwa hiyo kijana huyu, katika Kiswahili, hana nafsi ya kwanza. Anaweza kutajwa, lakini ni vigumu kwake kujitaja. Ni muhimu kutambua kwamba filamu ya Kahiu iliitwa kwa neno la kawaida kabisa, "rafiki", ambalo ndilo neno ambalo wapenzi wa aina hii hulazimika kulitumia wanapotambulishana mbele ya watu. Jina hilo ni kinga, na papo hapo ni kilio. Mwandishi atakayeandika riwaya ya vijana kuhusu maudhui haya kwa Kiswahili atapaswa kwanza kuamua mhusika wake ajiite nani, na uamuzi huo tayari ni wa kimaadili.

Kilichoandikwa, na mahali kilipochapishwa

Si kweli kwamba Afrika Mashariki haijaandika juu ya vijana hawa. Filamu ya Rafiki ilitokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyotokea mwaka 2006 katika mkusanyiko wa African Love Stories uliohaririwa na Ama Ata Aidoo, na ambayo ilitunukiwa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Msimulizi, Anyango, anamwandikia Sanyu, rafiki wa utotoni aliyepelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa na jirani chini ya mzambarau. Hadithi nzima ni barua ya kusubiri. Mwaka 2013 Diriye Osman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Nairobi, alichapisha Fairytales for Lost Children, ambamo vijana wa Kisomali wanatafuta mahali pao kati ya dini, ukoo na mapenzi. Mwaka huohuo Kevin Mwachiro alitoa Invisible, mkusanyiko wa masimulizi ya kweli ya Wakenya. Mnamo Januari 2014 Binyavanga Wainaina alichapisha insha aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011, na ndani yake akamwambia marehemu mama yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia akiwa hai, na ambalo alilijua tangu utotoni.

Mambo mawili yanajitokeza katika orodha hii fupi. Kwanza, kazi zote hizi ni za Kiingereza. Pili, karibu zote zilipita nje ya wachapishaji wa kibiashara wa eneo hili: mkusanyiko wa Aidoo na kitabu cha Osman vilichapishwa Uingereza, cha Mwachiro kilitolewa na Goethe-Institut, na insha ya Wainaina ilisambaa kwenye mtandao. Fasihi ya kijana wa Kitui inaandikwa katika lugha anayofanyia mtihani, na kuchapishwa mahali ambako hawezi kununua kitabu. Kisha fasihi hiyohiyo hushutumiwa kuwa ya kigeni. Hoja ya ugeni, kwa maneno mengine, hujitengenezea ushahidi wake yenyewe.

Katika fasihi inayopatikana kwa Kiswahili, maudhui haya hujitokeza zaidi kwa sura nyingine. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, inamfuata Yusuf, mvulana aliyewekwa rehani kwa mfanyabiashara ili kulipia deni la baba yake. Uzuri wake unawavutia watu wazima, na mnyapara wa msafara, Mohammed Abdalla, anaogopwa kwa sifa ya kuwaingilia wanaume wengine. Hapo tamaa ni chombo cha mamlaka. Gurnah yuko sahihi kuionyesha hivyo, kwa sababu unyanyasaji wa mtoto ni dhuluma, awe mtendaji wa jinsia gani. Lakini msomaji asiyekutana na sura nyingine atachanganya mambo mawili yasiyofanana: dhuluma ya mwenye nguvu juu ya mtoto, na mapenzi ya wenzi wa rika moja wasio na mamlaka yoyote baina yao. Fasihi inayonyamazia la pili huwaachia wasomaji wake la kwanza peke yake, kisha la kwanza hutumika kulihukumu la pili.

Hoja ya ulinzi

Hoja nzito zaidi dhidi ya fasihi ya aina hii ni ya kale. Katika Jamhuri, Plato anashikilia kwamba roho ya kijana ni laini, kwamba hadithi za mwanzo huacha alama isiyofutika, na kwamba watunzi wasiruhusiwe kusema kuwa watu wasio waadilifu huishi kwa raha. Waswahili wana hoja hiyohiyo kwa maneno machache: samaki mkunje angali mbichi. Bodi iliyodai majuto katika mwisho wa filamu ilikuwa, kwa kujua au kutojua, ikimfuata Plato.

Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Anayeipinga kwa kudai kwamba hadithi hazimwathiri msomaji anaikana fasihi yenyewe. Kama hadithi haziathiri, hakuna sababu ya kuzifundisha. Tatizo lake liko mahali pengine. Plato anazungumzia watu wasio waadilifu wanaoishi kwa raha. Ili hoja imguse Kena au Sanyu, ni lazima kwanza ithibitishwe kuwa wametenda uovu, na huo ndio ubishi wenyewe. Hawajamwibia mtu, hawajamdanganya mume, hawajamlazimisha yeyote. Wanaotumia nguvu katika Rafiki ni umati wa watu wanaowapiga. Kama mwisho wenye majuto ndio kanuni ya maadili, basi majuto hayo yangedaiwa kwanza kwa umati.

Ipo pia hoja ya mzazi, ambayo ni ya karibu zaidi na ya haki zaidi. Mzazi wa Mwingi au wa Wote anampeleka mtoto shule ya bweni kwa miezi mitatu, na kitabu teule si kitabu cha hiari: husomwa na wote na hutahiniwa. Mzazi anayeamini, kwa mujibu wa dini yake, kwamba mapenzi haya ni dhambi, ana haki ya kuuliza ni nani aliyempa mwalimu ruhusa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Katika kifungu cha 53 inalinda mtoto dhidi ya madhara. Vifungu hivi viwili havipingani kimaandishi, ila kila upande hushika kimoja na kuuacha kingine.

Makala haya yanakubali kwamba kitabu cha lazima na kitabu cha hiari si kitu kimoja, na kwamba wazazi wana sauti katika cha kwanza. Lakini ukubalifu huo una gharama isiyoonekana. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inahusu filamu na jukwaa. Riwaya haihitaji leseni ya bodi hiyo kabla ya kuchapwa. Kinachoamua hatima ya riwaya ya vijana nchini Kenya ni soko, na soko ni shule. Mchapishaji anayejua kwamba mswada hautaidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya anajua pia kwamba nakala zake zitabaki ghalani. Hivyo uamuzi uliokusudiwa kuwa juu ya kitabu cha lazima huwa, kwa njia ya biashara, uamuzi juu ya kila kitabu. Hakuna aliyepiga marufuku. Ni kwamba tu hakuna aliyechapisha. Ukimya huo hauna saini ya mtu, na kwa hiyo hauna mahakama ya kuukatia rufani.

Kwa upande wa filamu angalau palikuwa na mahakama. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wazima wakajaza ukumbi wa sinema jijini Nairobi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi ya msingi, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufani. Mswada uliokataliwa kimyakimya haupati hata siku saba.

Rosa na Maimuna

Riwaya ya Kiswahili imewahi kupita njia hii. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ilisema waziwazi kuhusu mahusiano ya kimwili ya msichana wa shule. Baadaye ikafundishwa katika shule hizohizo. Rosa, aliyelelewa kwa ukali wa baba yake Zakaria huko Ukerewe, anaishia kujiua. Kwa kipimo cha mwisho wenye adhabu, riwaya hii isingepaswa kuzuiwa hata siku moja. Lakini msomaji makini haioni adhabu katika kifo cha Rosa. Anaona mashtaka dhidi ya Zakaria, na dhidi ya jamii inayomfungia msichana macho na kisha kumlaumu kwa kutoona.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna naye anatoroka nyumba ya baba mkali na kuingia katika maisha ya ulevi na ukahaba. Yeye hafi. Anaolewa, na baba yake, Maksuudi, ndiye anayeishia kuomba radhi. Riwaya hiyo iliwahi kuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, na vijana wengi waliisoma bila ya kudhaniwa kuwa mwisho ule ulikuwa ukiueneza ukahaba. Walimu walieleza, na wanafunzi walielewa, kwamba mwandishi alikuwa akitetea uwezekano wa mtu kurudi kati ya watu.

Ulinganisho huu unaonyesha jambo la msingi. Mwisho wa huzuni si lazima uwe hukumu juu ya mhusika, wala mwisho mwema si lazima uwe tangazo la biashara. Maana ya mwisho hutegemea kazi nzima. Kwa hiyo anayedai mwisho wa aina moja tu kwa wahusika wa aina moja tu haombi maadili katika fasihi. Anaomba fasihi isifikiri. Historia ya nje inathibitisha hivyo. E. M. Forster aliandika riwaya ya Maurice mwaka 1913 na 1914, akaificha hadi ikatoka mwaka 1971, baada ya kifo chake. Alisisitiza kwamba mwisho wa furaha ulikuwa wa lazima, na alitambua kwamba kama angewaua wahusika wake kitabu kingechapishwa kwa urahisi zaidi. Nchini Marekani, Annie on My Mind ya Nancy Garden, riwaya ya vijana ya mwaka 1982 ambamo wasichana wawili wanaishia kupatana, ilichomwa moto hadharani Kansas City mwaka 1993, na mwaka 1995 mahakama ya shirikisho huko Kansas ikaamuru irudishwe katika maktaba za shule za Olathe. Bara tatu, karne moja, na kila mara kinachochukiza ni kwamba mhusika amebaki hai na hakujuta.

Mtu, jamii na nyumba

Huenda ikasemwa kwamba mifano ya Forster na Garden inatoka katika falsafa ya mtu binafsi, na kwamba Afrika ina falsafa yake. Jibu linaweza kutafutwa Kitui kwenyewe. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931 na ambaye alikusanya hadithi za Wakamba kabla ya kuandika African Religions and Philosophy (1969), alishikilia kwamba mtu huwa mtu kwa sababu jamii ipo. Fikra hiyo hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha mmoja kwa ajili ya wengi. Lakini inaweza kusomwa kwa upande wa pili, na kwa upande huo ina uzito zaidi: ikiwa mtu hupata utu wake kwa jamii, basi kumfukuza mtu katika jamii ni kumvua utu, na hakuna kosa la kijana linalolingana na adhabu hiyo. Falsafa ya utu inamdai mwenye nyumba kuliko inavyomdai mgeni.

Wakamba vilevile wana desturi ya iweto, ambayo kwayo mwanamke asiyepata mtoto, au asiyepata mtoto wa kiume, humtolea mwanamke mwingine mahari ili amzalie watoto wa nyumba yake. Ni kosa kuitumia desturi hii kuthibitisha kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikubaliwa. Iweto inahusu uzao, urithi na jina la nyumba, wala si mapenzi ya kimwili kati ya wanawake hao. Baadhi ya watetezi wameiazima kwa pupa, na kwa kufanya hivyo wanawanyima wanawake hao maana ya maisha yao wenyewe. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kidogo zaidi, lakini kinatosha: jadi ya Ukambani ilijua kwamba umbo la nyumba si moja, na ilipokabiliwa na mtu ambaye umbo la kawaida halikumtosha, ilitafuta njia ya kumweka ndani.

Hali ya shule inaonyesha njia iliyo kinyume. Mnamo Desemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisema kwamba wanafunzi wenye mapenzi ya jinsia moja wasiruhusiwe katika shule za bweni, bali wasome shule za kutwa karibu na kwao. Kauli hiyo, iwe ilitekelezwa au la, iliwaambia vijana fulani kwamba kitanda chao ni cha kutilia shaka. Kijana aliyeisikia hakuwa na kitabu cha Kiswahili cha kumwambia neno lingine.

Wajibu wa mwandishi na wa mchapishaji

Kutokana na hayo, wajibu wa mwandishi unaweza kuelezwa kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni kutomuua mhusika ili kununua kibali. Mwandishi akimzamisha kijana mtoni kwa sababu hadithi yake inaelekea huko, hiyo ni tanzia. Akimzamisha kwa sababu mhariri ameomba, huo ni uongo, na msomaji wa miaka kumi na sita ambaye hali yake ni hiyo atausoma uongo huo kama utabiri wa maisha yake. Upande wa pili ni kutomgeuza mhusika kuwa bendera. Kijana aliyeumbwa ili kushinda mjadala ni mkavu sawa na yule aliyeumbwa ili kuadhibiwa. Wote wawili wamenyimwa haki ya kukosea, kuchekesha, kuwa wachoyo, kumpenda mama anayewakataa. Anyango wa Arac de Nyeko anaaminika kwa sababu anakumbuka majirani, umbeya na joto la mtaa, wala hakumbuki hoja.

Mchapishaji naye hawezi kudaiwa ushujaa wa kufilisika. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2023 ilifanya hata kile kinachoitwa kukuza mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la kifungo kirefu, na huko tahadhari ya mchapishaji ni ya kueleweka. Nchini Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019, vinahusu matendo, havihusu usimulizi. Mchapishaji wa Nairobi anapousingizia mswada sheria, anaitwika sheria mzigo wa hofu yake. Anachoweza kudaiwa ni ukweli: aseme kwamba kitabu hakitauzwa, asiseme kwamba hakina maadili. Na anaweza kudaiwa kufikiria vitabu vya hiari, vidogo, vya bei nafuu, vya maktaba, ambavyo havimlazimishi mzazi yeyote wala havimkatazi kijana yeyote.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dai la mwisho wenye majuto haliwalindi vijana. Linawalinda watu wazima dhidi ya swali. Riwaya ya Kiswahili imekwisha kumsamehe Maimuna na imekwisha kumlilia Rosa. Haikosi mbinu, wala haikosi huruma. Mhakiki anayefundisha riwaya hizi mbili hawezi tena kudai kwamba fasihi ya vijana inajua mwisho wa aina moja. Inabaki kuwa mwalimu akiingia darasani Kitui au Makueni, anafundisha mbele ya mtu ambaye pengine hajawahi kukutana na mfano wake katika ukurasa wowote. Mtu huyo hasubiri kusifiwa wala kuelezwa. Anasubiri kujua kama katika lugha yake kuna hadithi ambayo mtu wa aina yake anafika hadi ukurasa wa mwisho.